Mgonjwa Akisharuhusiwa: Ufuatiliaji kwa Simu katika Mkoa wa Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, waganga wafawidhi wa hospitali na vituo vya afya, wauguzi na wakunga wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliotoka Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa, pamoja nanyi wenyeji wetu wa Dodoma Mjini: nimepewa nafasi ya kuzungumzia tiba mtandao, yaani kumhudumia mgonjwa aliye mbali kwa simu au intaneti, nami nimeomba mada hiyo pana ibaki kwenye kipande kimoja tu, yaani siku zile za mwanzo baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Nimechagua kipande hicho kwa sababu naamini ndipo mahali ambapo simu ya kawaida, ile ya batani ambayo haina kamera wala intaneti, inaweza kuokoa watu wengi kwa gharama ndogo, endapo tutakubali kuihesabu kuwa sehemu ya matibabu.

Tuanzie wodini. Daktari anapita raundi ya asubuhi, anaangalia kidonda, anaandika ruhusa. Kuanzia hapo mambo huenda kwa haraka: ndugu mmoja anakwenda dirisha la malipo au la bima, mwingine anafuata dawa, kitanda kinasubiriwa na mtu anayetoka chumba cha upasuaji, na mgonjwa mwenyewe amekwishajifunga kanga na kukaa ukingoni mwa kitanda huku mawazo yake yakiwa stendi ya mabasi. Ni katika dakika hizo ndipo tunapomweleza kwa mkupuo dawa za kumeza, usafi wa kidonda, chakula, tarehe ya kurudi na dalili za hatari, tena mara nyingi maelezo hayo yanapokelewa na shemeji ambaye nyumbani hakai na mgonjwa. Bahasha ya dawa imeandikwa 1×3 kwa kalamu iliyofifia. Mgonjwa anaitikia kila tunachosema, nasi tunaridhika, naye anaondoka.

Anakokwenda ni mbali. Mkoa wetu una kilomita za mraba 41,311, na Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humu watu zaidi ya milioni 3. Mtu wa Kondoa au wa Mpwapwa anasafiri zaidi ya kilomita 100 kufika hapa mjini, na hapo sijataja kipande cha kutoka kijijini kwake hadi barabara ya lami. Kati ya Desemba na Aprili, mvua inaponyesha, makorongo hujaa na baadhi ya vijiji hukatika kwa siku kadhaa. Na huo ndio msimu ambao familia nzima iko shambani ikipalilia mtama, uwele na alizeti. Kumwambia mama aliyefanyiwa upasuaji kwamba arudi kliniki baada ya wiki mbili katikati ya Januari ni kumtaka achague kati ya mshono wake na chakula cha mwaka mzima. Wengi hawarudi, na sisi huandika kwenye rejesta kwamba hawakuhudhuria, kana kwamba kosa ni lao.

Wakati huo mwili haungoji tarehe ya kliniki. Shinikizo la damu la mama aliyejifungua mara nyingi hufika kilele kati ya siku ya 3 na ya 6, ambazo ndizo siku mama aliyekuwa na kifafa cha mimba au presha ya ujauzito anakuwa amekwishafika nyumbani akipokea wageni wa kumpongeza. Kidonda cha upasuaji kinachopata maambukizi huonyesha dalili aghalabu baada ya mgonjwa kutoka wodini, na ndiyo maana wataalamu wa kudhibiti maambukizi hukifuatilia kwa siku 30 tangu upasuaji ufanyike. Mgonjwa wa moyo ambaye tumemkausha maji kwa dawa anaweza kujaa tena ndani ya siku chache tu akiacha vidonge au akirudia chumvi kama zamani. Kwa hiyo kipindi tunachokiita cha mapumziko ya nyumbani ni kipindi cha hatari yenye tarehe zinazojulikana, na hatari yenye tarehe inaweza kupangiwa simu.

Hoja yangu ni hii. Simu ya ufuatiliaji iandikwe kwenye faili kabla mgonjwa hajaondoka, kama dawa inavyoandikwa: siku gani, saa ngapi, nani atapiga, atauliza nini, na jibu litaandikwa wapi. Hakuna muuguzi anayesema kwamba sindano ya jioni ataitoa akipata nafasi. Simu ya siku ya tatu tunaisema hivyo, na kwa sababu hiyo haipigwi.

Tuna ushahidi wa karibu na nyumbani. Nchini Kenya ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Nusu yao walipata kila wiki ujumbe mfupi wa kuwauliza “Mambo?”, nao walitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwamba wako sawa au wana shida. Aliyesema ana shida alipigiwa simu na mtumishi wa kliniki. Na aliyekaa kimya alipigiwa vilevile. Waliozingatia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi hilo, dhidi ya asilimia 50 katika kundi lililohudumiwa kama kawaida. Kinachonigusa katika utafiti ule ni jinsi ukimya ulivyohesabiwa. Kliniki haikuchukulia kwamba asiyejibu yuko salama, na mimi naona kwamba mpango wowote wa ufuatiliaji usiosema ni nani atamtafuta asiyepokea simu haujakamilika.

Utafiti wa pili ulifanyika kisiwani Unguja mwaka 2009 na 2010, kwa wajawazito 2,550 wa vituo 24 vya afya. Kundi moja lilipata ujumbe wa simu pamoja na vocha ya kumwezesha mama kumpigia mtoa huduma. Asilimia 60 ya kundi hilo walijifungua mikononi mwa mtaalamu, na wasiopata huduma hiyo walikuwa asilimia 47. Matokeo hayo yanafurahisha, lakini tuyasome hadi mwisho: ongezeko lilijitokeza kwa wanawake wa mjini, na kwa wa shamba halikuonekana. Ndugu zangu, sisi wagonjwa wetu wengi ni wa shamba. Ujumbe wa simu haumbebi mtu, haumjengei barabara, wala haumwachii mtu wa kumwangalizia watoto aliowaacha nyumbani. Tukinunua mfumo wa kutuma ujumbe na kuishia hapo, tutawahudumia vizuri zaidi watu wa Area C na Kisasa hapa mjini, ambao tayari wanaweza kupanda bajaji wakaja, na yule wa Itiso, kijijini kule Chamwino, atabaki alivyokuwa.

Sasa niseme kwa kirefu jinsi ya kuuliza, kwa sababu simu mbaya ni hatari kuliko kutopiga kabisa: inaacha kwenye faili maneno kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Sisi Waswahili tumelelewa kuitika salamu kwa wema. Muuguzi akimpigia mama akamuuliza, “Mama, kidonda kinaendeleaje?” atajibiwa, “Kinaendelea vizuri, namshukuru Mungu.” Mama huyo hasemi uongo, ameitika salamu. Tumezoea kumrushia mgonjwa methali ya mficha maradhi, ilhali maradhi mengine yamefichwa na swali letu wenyewe. Swali linalofaa humpeleka mama kwenye jambo analoweza kuliona na kulishika. Asubuhi ulipofungua kanga, kitambaa kilikuwa kikavu au kilikuwa na majimaji? Yana rangi gani? Yana harufu? Weka kiganja pembeni mwa mshono, kisha weka upande mwingine wa tumbo: pana joto tofauti? Usiku ulitetemeka kwa baridi? Kichwa kinauma? Macho yanaona vizuri, au kuna giza na vimulimuli? Tangu jana umebadilisha vitambaa mara ngapi kwa sababu ya damu? Na mtoto, leo amenyonya mara ngapi, na mara ya mwisho kukojoa ilikuwa lini?

Mzee wa moyo naye ana maswali yake. Wataalamu wanashauri mgonjwa wa moyo ajipime uzito kila asubuhi, na akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 atoe taarifa. Ushauri huo ni sahihi, lakini mizani nyumbani hakuna. Kwa hiyo muuguzi atauliza:

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mzee, usiku unalalia mito mingapi?”

“Mto ni mmoja, ila juzi nililala nimeegemea ukuta.”

“Na ndala zako zinaingia kama wiki iliyopita?”

“Zinabana. Mjukuu amenilegezea kamba.”

Hapo muuguzi amekwishapata anachohitaji bila mashine yoyote. Mzee ambaye wiki iliyopita alilala chali na sasa anaegemea ukuta, na ambaye miguu imevimba, anatakiwa aonwe na mtaalamu siku hiyohiyo, wala si tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Kuhusu dawa, kuuliza kama anameza hakutoshi. Mwombe alete dawa zote pale alipo, azimimine juu ya sahani, amwite mtoto anayejua kusoma awasomee wote wawili kilichoandikwa kwenye bahasha, kisha wahesabu vidonge vilivyobaki. Hesabu ikipishana na siku zilizopita, mazungumzo yanaanzia hapo, kwa upole, maana sababu huwa ni ya kueleweka: dawa zilimletea kizunguzungu akiwa hajala, au amezigawana na jirani mwenye presha, au alidhani zikiisha amepona. Mgonjwa wa kisukari aliyeondoka na insulini aulizwe ameihifadhi wapi, na aelezwe namna ya kuitunza kwenye chungu chenye ubaridi ikiwa nyumbani hakuna friji. Na kwa bibi anayezungumza Kigogo, Kirangi au Kisandawe peke yake, tusimlazimishe kutusimulia maumivu yake kwa Kiswahili cha kuungaunga kupitia kwa mjukuu. Hospitalini kwetu watumishi wanaozijua lugha hizo wapo, na ratiba ya simu izingatie jambo hilo.

Haya yote yanasimama juu ya jambo dogo ambalo tunalipuuza, nalo ni namba ya simu. Namba iliyoko kwenye jalada la faili aghalabu ni ya yule aliyemleta mgonjwa siku ya dharura. Wodini tuulize: simu hii ni ya nani? Mnakaa naye nyumba moja? Huwa mnachaji wapi, na saa ngapi inakuwa hewani? Nikimpata yeye badala yako, nimwambie nini, na nini nisimwambie? Kisha muuguzi aipige namba hiyo palepale kitandani na kuisikia ikiita, na achukue namba ya pili. Saa nayo ipangwe kwa kumsikiliza mgonjwa: wapo wanaopatikana jioni tu wakitoka shamba, na wapo wanaopata mtandao siku ya mnada pekee. Mgonjwa aijue namba ya hospitali tangu akiwa wodini, maana kwa matapeli waliojaa siku hizi, wale wa kutuma pesa kwenye namba hii, mtu mwenye busara hapokei namba ngeni. Na aambiwe waziwazi kwamba muuguzi wa ufuatiliaji hatamwomba pesa hata siku moja. Anayepiga awe ni hospitali, gharama iwe ya hospitali.

Simu ikishafichua tatizo, lazima iwe na pa kumpeleka mgonjwa. Muuguzi anayepiga awe na majibu matatu anayoweza kuyatoa kwa mamlaka yake: endelea nyumbani, nenda zahanati kesho, au njoo leo. Akisema zahanati, yeye mwenyewe ampigie mganga mfawidhi wa zahanati hiyo na kumweleza mgonjwa anayekuja, alifanyiwa nini na anatumia dawa gani. Akisema njoo leo, mgonjwa aelezwe aingilie mlango gani na amwone nani, ili asipange foleni upya kama mtu asiyejulikana. Kwa mama waliojifungua na watoto wachanga tunao mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambao ulizinduliwa kitaifa hapa Dodoma mwaka 2022 na unaopatikana bure kwa namba 115. Muuguzi wa ufuatiliaji aitumie namba hiyo yeye mwenyewe badala ya kumwachia mama anayetokwa damu aihangaikie.

Ninyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii mna nafasi ambayo simu haiwezi kuijaza. Mpango wa Taifa uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima, na mimi nauona mpango huo kuwa ndio miguu ya tiba mtandao. Asiyepokea simu mara mbili, ninyi ndio mtakaobisha hodi. Katika Wilaya ya Kirehe nchini Rwanda watafiti waliwashirikisha wahudumu kama ninyi kupiga picha vidonda vya mama waliojifungua kwa upasuaji wakiwa nyumbani, ili picha zisomwe na madaktari. Jambo hilo linawezekana hapa pia, lakini kwa masharti. Picha ipigwe mchana penye mwanga, mama akiwa ameridhia na kusitiriwa, uso wake usionekane, na itumwe kwa mtu mmoja anayejulikana kupitia mfumo wa hospitali.

Katika hili sitapunguza maneno. Picha za wagonjwa huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watumishi, na kila mmoja hujiambia kwamba ni kwa ajili ya ushauri wa kitaalamu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Hata kama sheria hiyo isingekuwapo, tumbo la mke wa mtu au mwili wa mtoto wa mtu si mali ya kundi. Siku kijiji kimoja kitakapogundua kwamba picha iliyopigwa kwa mhudumu wao imeonekana kwa jirani, hatutapata tena mtu wa kutufungulia mlango katika kata nzima.

Kuna wagonjwa ambao ufuatiliaji wao una mambo yake ya pekee. Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu mwaka 2018, na mtu aliyepandikizwa figo anatumia dawa za kuzuia mwili usiikatae figo hiyo kwa muda wote anaoishi nayo. Kwake simu ni ya kuuliza homa, kiasi cha mkojo, kuvimba, maumivu mahali ilipowekwa figo, na kama ametapika baada ya kumeza dawa. Na ni ya kumkumbusha kwamba siku ya kupimwa kiwango cha dawa kwenye damu asimeze dozi ya asubuhi kabla ya damu kuchukuliwa. Kupima damu kwenyewe simu haiwezi. Kwa aliyeruhusiwa kutoka Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, nazungumza kama muuguzi asiye wa fani hiyo, lakini kwa kuwasikiliza wenzangu wa huko naona kwamba kinachohitajika zaidi ni sauti ileile kila mara, ya mtu anayefahamiana naye, na makubaliano yaliyofanyika mapema akiwa na utulivu kuhusu ni ndugu gani apigiwe hali ikibadilika.

Baadhi yenu mtauliza kwa nini sijasema lolote kuhusu video. Mahali penye mtandao mzuri na simu janja, video inafaa, hasa kwa daktari bingwa kumshauri mganga wa wilaya huku mgonjwa akiwa mbele yao. Kwa mgonjwa aliyeko nyumbani kijijini, nisingeanza nayo. Skrini na mkongo wa intaneti hupigiwa picha siku ya uzinduzi. Muuguzi mwenye daftari, muda wa maongezi na saa mbili za kila siku zisizoingiliwa na kazi nyingine hapigiwi picha, lakini ndiye atakayemsikia mzee akisema kwamba ndala zinabana. Tukiwa na bajeti ya kimoja tu, tuanze na huyo muuguzi. Na hizo saa mbili ziandikwe kwenye orodha ya zamu, kwa maana kazi inayofanywa kwa huruma ya mtu, baada ya zamu yake kwisha na kwa vocha yake mwenyewe, huisha siku anapohamishwa kituo.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo machache yaamuliwe kabla hatujatawanyika. Kila hospitali iliyowakilishwa hapa ichague kundi moja la kuanzia, na mimi napendekeza mama waliojifungua kwa upasuaji, kwa sababu ni wengi, tarehe zao za hatari zinajulikana, na mwongozo wa huduma baada ya kujifungua tayari unawataka waonwe ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Simu ya siku ya 3 na ya 10 tangu kuruhusiwa zijaze nafasi zilizopo katikati, bila kufuta hata hudhurio moja. Ateuliwe muuguzi mwenye jina, na msaidizi wake wa siku za likizo. Na tunapokutana tena, taarifa itakayosomwa isihesabu simu zilizopigwa, kwa kuwa hesabu hiyo ni rahisi kuipamba. Isome ni mama wangapi waliruhusiwa, wangapi walizungumza na muuguzi, wangapi hawakupatikana na nani aliwafuata nyumbani, wangapi waliitwa warudi, na kati ya walioitwa, wangapi walifika na walikutwa na nini.

Asanteni kwa kunisikiliza.